Tulichokuwa Tukizika Nyuma ya Ghala

Mwaka nilioshika mimba ya kwanza mvua ilikuwa imetukataa misimu kadhaa mfululizo, na pale kwetu nje ya Mwingi mtu mnene alikuwa habari njema. Kwa hivyo miguu yangu ilipoanza kufura, watu walifurahi. Sisemi kwa utani. Kina mama wa kanisa walinishika mashavu baada ya ibada wakisema nimeolewa mahali pazuri, hebu ona alivyojaa. Viatu vilikataa kuingia, pete ikakwama kidoleni hata sabuni ikashindwa kuitoa, na mama mkwe wangu akawa anatembea kifua mbele, kwa sababu mke wa mwanawe wa pekee alikuwa ananawiri katikati ya ukame.

Mimi mwenyewe niliamini. Nilizaliwa Kilungu, juu milimani upande wa Makueni, ambako kuna ndizi na maparachichi na hakuna anayeshangaa kumwona mwenzake ana mashavu. Lakini ndoa ilikuwa imeshanifundisha kuwapima watu kwa macho ya huku. Nilijitazama kwenye kioo nikaona uso umejaa, nikamshukuru Mungu kwamba mtoto anakula. Kichwa kiliniuma, ndiyo, lakini nilisema ni jua. Nilikuwa mwendeshaji wa pampu ya kisima cha kijiji, nashinda kutwa kando ya injini na moshi wake, sasa nani asingeumwa kichwa? Nilipoanza kuona vimulimuli mchana kweupe, nilikaa kwenye kivuli cha tangi mpaka vikapita, kisha nikaendelea kuwafungulia watu maji.

Halafu mtoto akaacha kucheza. Nilimsubiri tangu asubuhi, nikanywa chai ya sukari nyingi kama nilivyoambiwa, nikalala ubavu wa kushoto, wapi. Zahanati walinipima presha, sista akatikisa mashine, akapima tena, akaenda kuleta mashine nyingine. Sura yake ndiyo iliyoniambia kabla ya mdomo. Tulipofika hospitalini Mwingi walitafuta mapigo ya moyo wa mtoto kwa muda mrefu sana, na mimi nilishajua. Alizaliwa siku iliyofuata, msichana, mdogo, na kila kitu chake kimekamilika. Hata kucha alikuwa nazo.

Kwetu Wakamba msichana wa kwanza huchukua jina la mama wa baba yake. Kwa hivyo yule mtoto alikuwa na jina kabla hajaonekana, na mama mkwe alikuwa ameshazoea kulisalimia tumbo langu kwa jina lake mwenyewe, akicheka. Alipopokea kile kifurushi wodini hakulia. Alikitazama tu, akakifunika vizuri, akaniuliza kama nimekula.

Alikuwa amekuja na mkebe. Katika boma lile kondo la nyuma haliachwi hospitalini hata kidogo. Hurudishwa nyumbani, na bibi ndiye hulizika nyuma ya ghala, peke yake, na haongei na mtu akienda wala akirudi, wala hasimulii alichokiona. Mtoto akiwa mzima au akiwa amekufa, sheria ni hiyo hiyo. Sista alimtilia kondo kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, akaufunika, naye akautia kwenye kiondo chake na kuondoka. Mimi sikuliona, na wala haikunijia kuomba kuliona.

Baadaye yakaja maneno. Hakuna aliyenitukana, la, watu wetu wana adabu. Walisema tu damu yangu ni kidogo. Basi kila aliyepita alikuja na dawa ya kuongeza damu: terere, ule mchicha wa porini, majani ya kunde, maji mekundu ya mizizi nisiyoijua. Nikawa mtu wa kunyweshwa. Na siku moja nikiwa nyuma ya jiko nilimsikia mama mkwe akiwaambia wenzake wa kanisa kwamba wasichana wa milimani damu yao ni baridi, haishiki mtoto. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Nilimnyamazia juma zima, na anayenijua anajua kwamba kwangu hiyo si kazi rahisi. Kilichoniuma zaidi ni kwamba hata mimi nilijishuku. Nilikuwa nikijiuliza nikiwa peke yangu: nilifanya nini? Nilibeba mtungi mzito? Ule moshi wa injini? Kwa nini nilinyamaza kuhusu kichwa?

Wanawake wenzangu waliitwa mama fulani na mama fulani. Mimi nilibaki mke wa dereva, maana mume wangu huendesha malori.

Mimba ya pili iliposhika sikumwambia mtu isipokuwa mume wangu, na yeye nilimwambia kwa simu akiwa Mtito Andei, ambako malori yao hulala. Nilisikia magari yakipita barabarani nyuma yake. Kisha akasema safari hii tutakwenda Kitui mjini, hospitali kubwa, na tutakwenda mapema. Ni mtu wa maneno machache, lakini hilo alilisema mara mbili.

Daktari aliyenipokea alikuwa mwanamke mdogo kwangu kwa umri, Mkamba wa Makueni kama mimi. Aliponiuliza habari za yule wa kwanza nilimwambia yote: kufura, kichwa, vimulimuli. Alinisikiliza bila kuandika. Kisha akaniambia kwamba mengi ya hayo yalianzia kwenye kondo, na akanieleza kwa Kikamba mpaka Kikamba kikamwishia, tukaendelea kwa Kiswahili.

Kondo, alisema, hujengwa na mtoto. Mtoto anafika tumboni mikono mitupu, na kazi yake ya mwanzo kabisa ni kujitengenezea njia ya kuifikia damu ya mama. Kwa hiyo kondo linatoa protini ambazo kazi yake ni kuiamsha mishipa midogo ya damu, ichipuke, itoe matawi, iende mbele. Lakini kondo hilo hilo linatoa pia protini za aina nyingine, ambazo huzinasa zile za kwanza na kuzishikilia zisifanye kazi, ili mishipa isikue ovyo. Zote zinatakiwa, mradi zielewane. Kwa wanawake wengine zile za kunasa huzidi. Mishipa inakuwa michache, kondo linadumaa, mtoto analala njaa. Na hazikomei hapo. Zinaingia katika damu ya mama na kuiumiza mishipa yake mwenyewe, figo zinaanza kupitisha kwenye mkojo vitu visivyotakiwa kupita, maji yanavuja na kujaa miguuni na usoni, na presha inapanda.

Kumbe ile haikuwa shibe. Nilikaa pale kwenye kiti nikawakumbuka kina mama wakinishika mashavu.

Suala la presha nililielewa bila kubembelezwa. Nimewahi kuona bomba la kwenda shuleni limeziba kwa chumvi: huko mbele maji hayafiki, huku kwenye pampu mshale unapanda, na mtu asiyejua anasema leo pampu ina nguvu. Nilimwambia daktari hivyo, akatabasamu kidogo, akasema si mbali na ukweli.

Ndipo nikamuuliza. Nilifanya nini? Akaweka kalamu chini. Alisema hakuna nilichobeba, nilichokula wala nilichoacha kula kilichofanya vile. Kondo lilishaanza kwenda mrama kabla hata sijajua nina mimba. Na kwa nini linakwenda mrama kwa huyu na si kwa yule, alisema, bado wanatafuta. Nililia pale pale, mtu mzima, mpaka kamasi. Naye akanisubiri.

Niliondoka na vidonge vidogo vya aspirini vya kumeza kila jioni. Mama mkwe alipovigundua vita vikaanza. Alikuwa amesikia mahali kwamba vinafanya damu kuwa nyepesi. Akaniuliza ni akili gani hiyo, mtu asiye na damu anaimwagia maji ile kidogo aliyonayo? Nilijaribu kumweleza habari ya zile protini, nikaharibu zaidi, kwa sababu kwake protini ni ndengu. Aliposikia zikizidi ni hatari akaondoa ndengu mezani, nikala muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa, mitupu mpaka mume wangu aliporudi na kusema na mama yake. Vidonge sikuviacha. Nilivimeza mezani, mbele yake, nikimwangalia. Naye aliniangalia. Tulikuwa wawili wakaidi katika nyumba moja, na kati yetu lile tumbo, ambalo safari hii hakulisalimia kwa jina lolote.

Mwezi wa saba wa mimba ulipokaribia, daktari alipima damu yangu kwa kipimo cha zile protini zenyewe. Hakuzunguka. Zile za kunasa zilikuwa zimeanza kupanda na zile za kukuza mishipa zimeshuka. Miguu bado ilikuwa myembamba, kichwa hakiumi, presha imesogea kidogo tu. Ningekuwa nyumbani ningeapa niko salama. Akasema nisirudi Mwingi, nibaki wodini.

Mambo yakawa hivi. Kila siku mtoto akibaki tumboni, mapafu yake yanapata nguvu. Na kila siku akibaki, mimi nakaribia kifafa cha mimba, ambacho kinaweza kutuondoa wote wawili. Dawa ya kuimaliza shida yenyewe ni moja tu, kondo litoke, na kondo haliwezi kutoka mtoto akabaki. Daktari alinieleza hayo taratibu, ameketi ukingoni mwa kitanda. Basi tukawa tunangoja, huku tukichungulia. Asubuhi presha, mkojo, mapigo ya moyo wa mtoto. Mchana tena. Nilijifunza kusoma nyuso za masista kabla hawajafungua mdomo. Mwenzangu wa kitanda cha pili, mke wa mfanyabiashara wa mifugo aliyehamia Mwingi kutoka upande wa Garissa, alikuwa akisali kwa dini yake na mimi kwa yangu, na akimaliza ananigawia tende. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Niseme tu hivyo hivyo, kwa sababu baadaye watu walinisifu eti nilikuwa jasiri.

Katika siku hizo daktari aliniomba kitu. Yeye na wenzake walikuwa wakikusanya vipande vya kondo, kutoka kwa waliojifungua salama na kwa wenye shida kama yangu, ili waone mishipa iliishia wapi na zile protini zilikuwa kiasi gani. Vipande vyenyewe ni vidogo, ukubwa wa harage, lakini lazima vikatwe kondo likiwa bado na joto. Nikikataa, alisema, atanitibu vile vile.

Mimi ningesema ndiyo papo hapo. Lakini nilimjua aliyekuwa nyumbani na mkebe. Kondo kwake lilikuwa la kurudi zima. Likirudi limekatwa na mtoto akafa, jambo hilo lisingeisha mpaka naingia kaburini, na hata nikifa wangelisema matangani. Nilimwambia daktari nakubali, ila nina mambo mawili. Safari hii nataka kuliona kwa macho yangu. Na mama mkwe awepo, aambiwe usoni, asije akasikia kwa watu.

Siku ilipofika haikubisha hodi. Niliamka na maumivu chini ya mbavu, upande wa kulia, na vimulimuli vyangu vya zamani vikawa vimerudi. Daktari alitazama presha, akatazama saa, akasema ni leo. Mume wangu alipigiwa simu akiwa njiani. Mama mkwe alikuwa ameshapanda gari Mwingi tangu alfajiri, kwa hisia zake tu, na alifika wakati wananisukuma kwenda chumba cha upasuaji. Alishika ukingo wa kitanda akatembea nami mpaka mlangoni. Mkono mwingine ulikuwa na kiondo.

Walinidunga sindano ya mgongo, kwa hiyo nilikuwa macho. Nilisubiri mlio. Ukachelewa, nikaanza kumwomba Mungu kwa kelele, hadi daktari wa sindano akanishika bega. Halafu mtoto akalia, kwa hasira, kama mtu aliyeondolewa kwenye foleni. Nikajua huyo ni wangu. Walinionyesha uso wake kwa nukta moja tu, wakamkimbiza kwenye joto. Msichana.

Kondo waliniletea nikiwa bado nimelala kwenye kile chumba cha kando, kwenye sinia la chuma, na mama mkwe wakamvisha gauni la kijani wakamwingiza. Daktari alimwamkia, akamwita mwaitu, yaani mama yetu, akamweleza kwa Kikamba kila alichonieleza mimi, na kwa upole zaidi. Alimwonyesha jinsi kondo lilivyo dogo. Zuri hujaa na kuwa jekundu kote kama ini bichi. Hili lilikuwa na mabaka meupe, magumu, na daktari akayagusa kwa kidole akisema hapa damu haikufika, na hapa pia. Kisha akaomba ruhusa ya kukata.

Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nusu ya mwili haina habari, lakini ulimi ulikuwa mzima, na maneno nilikuwa nayo tayari. Mama mkwe hakunitazama. Aliuweka mkebe sakafuni, akainama juu ya lile sinia. Alinyoosha kidole, naye akayagusa yale mabaka, moja, jingine.

"Lile la kwanza lilikuwa na haya haya," alisema. "Niliyaona nikadhani ni mafuta. Nikafukia." Kisha akanyooka. "Kateni, mwana wakwa. Kateni mtakacho. Kitakachobaki nitakwenda nacho."

Wakakata. Kilichobaki kikaingia mkebeni, akafunika, akanifunika na mimi miguu ambayo sikuisikia, akaondoka.

Mtoto alikaa kwenye mashine ya joto majuma mengi. Hayo sitayasimulia yote, maana kuna siku mbili tatu ambazo hata leo siwezi. Nilimkamulia maziwa akanyweshwa kwa mpira, kidogo kidogo, na mume wangu akapata desturi ya kusimama dirishani akimhesabia mtoto pumzi kimya kimya, bila kujua kwamba midomo yake inatembea. Akaongezeka. Siku moja sista akasema huyu sasa anatujazia nafasi, nendeni kwenu.

Nyumbani mama mkwe alimpokea mtoto mlangoni, akamwita kwa jina, lake mwenyewe. Sauti ilimtoka nyembamba. Mume wangu, kama desturi yetu, akamwita bintiye mwaitu kwa kuwa amebeba jina la mama yake, na bibi akacheka kidogo kwa mara ya kwanza. Kisha alinipa ishara nimfuate, mtoto nikiwa nimemfunga kwa leso kifuani. Tukazunguka ghala.

Nilisimama pembeni. Miaka yote hiyo sikuwahi kukanyaga pale. Hakuna cha kuona, ni udongo mwekundu na mawe machache yaliyopangwa na mtu. Alinionyesha mahali alipozika lile la juzi, udongo umeshakauka. Akanionyesha lile la yule wa kwanza. Nikadhani tumemaliza. Lakini akapiga hatua nyingine, hadi penye mawe mawili ya zamani yaliyozama nusu ardhini, akayasafisha kwa mkono.

Hapa ni pake yeye mwenyewe, alisema. Kabla ya mume wangu walitangulia watoto wawili, wote walizaliwa kimya. Mama mkwe wake alikuwa ameshakufa, kwa hivyo hakukuwa na bibi wa kuzika. Alizika mwenyewe, akiwa bado anatoka damu, na kwa sababu ya ile sheria hakumwambia mtu alichokiona. Ilikuwa miaka ya njaa. Mara zote mbili alikuwa amefura, na watu walimsifu. Watoto walipozaliwa wamekufa, watu hao hao wakasema damu yake ni baridi.

Nilimtazama mwanamke yule niliyeshindana naye mezani kwa vidonge. Hasira zangu zote nilizitafuta nikazikosa.

Alikuwa amechuchumaa, kiganja juu ya jiwe.

"Yule daktari alisema haikuwa wewe," aliniambia. "Ulimsikia akisema?"

Nikamwambia nilimsikia.

Mtoto akajinyoosha kifuani pangu. Mama mkwe aliponiangalia tena alikuwa na uso wa mtu anayeomba ruhusa.

"Basi na mimi? Haikuwa mimi?"

Nikachuchumaa kando yake, kidonda cha upasuaji kikinivuta.

"Haikuwa wewe, mwaitu," nikamwambia.